Ser, estar, tener au hay? Anzia kwenye Kiswahili chako

Soy cocinero. Estoy en la cocina. Tengo hambre. Hay arroz.

Mimi ni mpishi. Niko jikoni. Nina njaa. Kuna wali.

Sentensi nne za Kihispania, vitenzi vinne, na Kiswahili nacho kimegawa kazi hiyo mara nne: *ni*, *-ko*, *-na*, *kuna*. Kiingereza huzibeba zote nne kwa kitenzi kimoja, *to be*, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu vitabu na programu nyingi za kujifunza Kihispania zimeandikiwa watu wa kitenzi hicho kimoja. Mswahili akizifuata, anakwenda kwanza kwenye lugha isiyotofautisha, kisha anaanza upya kutafuta tofauti aliyokuwa nayo tangu utotoni. Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa ana nafuu kwa *tener*, maana Kifaransa nacho husema mtu "ana" njaa na "ana" miaka, lakini kwa *ser* na *estar* yuko palepale na mwenzake wa Kiingereza.

Kanuni ya "kudumu" na "muda": iache

Utaambiwa *ser* ni ya mambo ya kudumu na *estar* ni ya mambo ya muda. Kanuni hii inavunjika siku ya kwanza. Maiti husemwa *está muerto*, na hakuna hali iliyodumu kuliko hiyo. Madrid *está en España*, nao haujawahi kuhama. Upande wa pili, mwanafunzi husema *soy estudiante* ingawa atahitimu, na saa tisa alasiri ni *son las tres* ingawa itapita baada ya dakika.

Swali lenye manufaa ni hili: je, unataja kitu ni nini au ni cha aina gani, au unaeleza kiko wapi na kimekuwaje? La kwanza ni *ser*, la pili ni *estar*. Asili ya maneno inasaidia kukumbuka: *estar* imetoka katika kitenzi cha Kilatini *stare*, kusimama. Kitu kilivyosimama sasa, na mahali kiliposimama.

Ser: pale unaposema "ni"

Jina, kazi, uraia, dini, undugu, rangi, umbo, tabia, siku na saa: vyote ni *ser*. Kazi haitaki *un* wala *una*: *soy enfermera*, mimi ni muuguzi, basi. Ukisikia *ni* ikifuatwa na *-a* ya uhusiano, kwa kawaida ni *ser de*: kitabu ni cha Juma, *el libro es de Juma*; meza ni ya mbao, *la mesa es de madera*; mimi ni wa Mwanza, *soy de Mwanza*.

Saa inataka uangalifu wa pekee. Saa tatu asubuhi ni *las nueve de la mañana*, kwa hiyo ongeza au punguza sita kabla ya kufungua mdomo. Saa saba mchana husemwa *es la una*, kwa umoja. Saa nyingine zote ni *son las dos*, *son las tres* na kuendelea. Mwongoza watalii wa Arusha anayewaambia wageni kutoka Hispania kwamba gari linaondoka *a las doce* huku akiwaza saa kumi na mbili alfajiri atawasubiri sana.

Matukio nayo huchukua *ser* hata swali likiwa "wapi?". *La boda es en Malabo*, harusi ni Malabo. Jaribio lake ni jepesi: ukiweza kuweka "inafanyika", ni *ser*. *El examen es en el aula 4*, mtihani unafanyika darasa la 4. Lakini *el examen está en la mesa*, karatasi za mtihani ziko mezani.

Estar: "-ko" na, zaidi ya hapo, "-me-"

Mahali ni rahisi: *yuko, yupo, yumo, iko, ziko* zote ni *estar*. Vivyo hivyo *yuko tayari* (*está listo*), *yuko likizo* (*está de vacaciones*), *yuko safarini* (*está de viaje*), na hata *niko poa* ya vijiweni, *estoy bien*.

Ila sehemu kubwa ya *estar* haiko kwenye *-ko*. Iko kwenye *-me-*, na hili halimo katika vitabu vya Kiingereza kwa kuwa Kiingereza hakina kitu kama hicho. Tazama: amechoka, *está cansado*. Amekasirika, *está enojado* (Hispania husema zaidi *enfadado*). Ameketi, *está sentado*. Amesimama, *está de pie*. Duka limefungwa, *la tienda está cerrada*. Basi limejaa, *el autobús está lleno*. Simu imeharibika, *el teléfono está roto*. Ameolewa, *está casada*. Amekufa, *está muerto*. Kiswahili hakikuwahi kusema "yeye ni kufa", kwa hiyo swali la kudumu na muda halitusumbui.

Tatizo ni kwamba *-me-* ina kazi mbili. Mara nyingine inaeleza hali iliyobaki, mara nyingine inaeleza tendo lililokamilika: amekula, amefika, ameondoka. Hizo si *estar*. Amekula ni *ha comido* kwa Mhispania, na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini utasikia *ya comió*. Usiifasiri kwa *está comido*.

Kuzitenga, tia "bado" mbele. Bado amelala: inakubali, basi *está dormido*. Bado amekasirika: inakubali, *está enojado*. Bado amekula: haikubali, kwa hiyo ni tendo, *ha comido*. Kipimo hiki kinafanya kazi karibu kila mahali isipokuwa kwa aliyekufa, na sababu yake haihitaji maelezo. Hiyo ikariri tu.

Mitego miwili midogo ya *-me-*. Amelala ina maana mbili kwetu: simba aliyefumba macho ni *está dormido*, simba aliyejinyosha tu huku akitazama gari ni *está echado*. Na amevaa, ingawa "bado amevaa koti" inapita kipimo, husemwa *lleva un abrigo*, kwa kitenzi *llevar*.

Sasa utamu wenyewe. Kwa vivumishi vingi Kihispania huruhusu vitenzi vyote viwili, na vitabu huviita vigumu. Kwa Kiswahili tofauti ni ileile iliyopo kati ya *ni* na *-me-*:

| Kivumishi | Na ser | Na estar |
|---|---|---|
| guapa | es guapa: ni mzuri | está guapa: amependeza |
| viejo | es viejo: ni mzee | está viejo: amezeeka |
| gordo | es gordo: ni mnene | está gordo: amenenepa |
| callado | es callado: ni mkimya | está callado: amenyamaza |
| borracho | es un borracho: ni mlevi | está borracho: amelewa |
| caro | es caro: ni ghali | está caro: kimepanda bei |
| verde | es verde: ni ya kijani | está verde: haijaiva |
| malo | es malo: ni mbaya, mwovu | está malo: kimeharibika, kwa mtu, anaumwa |
| listo | es listo: ni mwerevu | está listo: yuko tayari |
| vivo | es vivo: ni mjanja | está vivo: yu hai |
| aburrido | es aburrido: anachosha | está aburrido: amechoshwa |
| rico | es rico: ni tajiri | está rico: (chakula) kitamu |

Ukimwambia mama wa watu *usted es vieja*, umemwita bibi kizee. Ukimwambia mtoto uliyemwacha mdogo *¡qué alto estás!*, umesema "umekuwa mrefu!", na kila mtu atafurahi. Tahadhari na *bueno*: *la sopa está buena* ni sifa kwa mpishi, lakini *está buena* kuhusu mwanamke ni kusifia mwili wake. Ukitaka kusema ni mtu mwema, *es buena persona* haina utata.

Sokoni vitenzi hivi viwili hukutana kwenye bei. *¿Cuánto es?* ni jumla unayodaiwa, na jibu ni *son 20 euros*. *¿A cuánto están los tomates?* ni nyanya ziko bei gani leo, na jibu huja kwa *estar*: *están a dos euros el kilo*. Kinachopanda na kushuka huchukua *estar a*.

Pale Kiswahili kinapokudanganya

Vivumishi vichache husimama na *ni* kwetu, na Kihispania kinataka *estar*. Si vingi, vijue tu. Mgonjwa: *está enfermo*. Mjamzito: *está embarazada*. Safi na chafu: *está limpio*, *está sucio*. Tupu: *está vacío*. Chai ni ya moto: *el té está caliente*. Vyote ni hali ambazo kitu huingia na kutoka.

"Uko sahihi" inavuta kwenye *estás correcto*, na hapo utaeleweka kwa taabu. Sema *tienes razón*, una haki.

Kisha *-na-*. "Ninakula" sasa hivi ni *estoy comiendo*, vizuri kabisa. Lakini "ninafanya kazi benki" ni *trabajo en un banco*, na "kesho ninasafiri" ni *mañana viajo* au *voy a viajar*. *Estoy viajando mañana* ni kosa la kawaida sana. Kama huwezi kuongeza "sasa hivi" au "siku hizi", usitie *estar*.

Wasomaji wa Kenya wana mtego wao. "Niko na" hubeba mizigo miwili: niko na rafiki yangu hapa ni *estoy con mi amigo*, lakini niko na rafiki Nakuru, niko na gari, niko na njaa, zote ni *tener*. Igeuze kwanza iwe "nina". Ikigeuka bila kubadili maana, ni *tengo*. Kiswahili cha Lubumbashi nacho huweka *iko* hata pale ambapo pwani wangeweka *ni*, kwa hiyo msemaji wake apime kwa *ni* ya shuleni kabla ya kuchagua.

Tener: "nina" karibu neno kwa neno

*Tengo hambre*, nina njaa. *Tengo sed*, nina kiu. *Tengo sueño*, nina usingizi. *Tengo prisa*, nina haraka. *Tengo miedo*, nina hofu. *Tengo fiebre*, nina homa. *Tengo suerte*, nina bahati. *Tengo 30 años*, nina miaka 30. Hapa Mswahili hafikirii, anahamisha tu.

Palipo na "naona" au "nasikia" pia ni *tener*: nasikia baridi, *tengo frío*, naona joto, *tengo calor*. Usijaribu *soy frío*, maana ni mtu asiye na hisia, wala *estoy caliente*, ambayo mahali pengi ni kusema una ashiki. Na baridi ya hewa si *tener* wala *hay*: kuna baridi leo ni *hoy hace frío*, kwa kitenzi *hacer*.

Kosa linalowapata wengi ni *tengo muy hambre*. *Muy* hukaa na vivumishi: *estoy muy cansado*. *Hambre* ni nomino, na nomino hutaka *mucho* au *mucha*: *tengo mucha hambre, mucha sed, mucha prisa*, lakini *mucho sueño, mucho frío, mucho miedo*. Chanzo ni "sana" yetu, ambayo hukubali kusimama popote: nina njaa sana, nimechoka sana. Kihispania kimeigawa.

Na ile alama juu ya *ñ* si pambo. *Años* ni miaka. *Anos* ni matundu ya haja kubwa. Kwenye simu, bonyeza herufi n kwa muda hadi *ñ* itokee.

*Tener que* na kitenzi kisichonyambuliwa ni "lazima": *tengo que ir*, lazima niende. Maumivu nayo yana zawadi: kichwa kinaniuma ni *me duele la cabeza*, kichwa ndicho mtenda na wewe ndiye unayeumizwa, muundo uleule. Macho yananiuma, *me duelen los ojos*, kitenzi kinafuata macho.

Hay au está?

*Hay* ni *kuna*, na haibadiliki kwa wingi kama *kuna* isivyobadilika: *hay un elefante, hay tres elefantes*. *Está* na *están* hubadilika kama *yuko* na *wako*.

Tofauti ya maana ni ileile pia. *¿Hay un banco por aquí?* Kuna benki hapa karibu? Hujui kama ipo. *¿Dónde está el banco?* Benki iko wapi? Mnajua mnazungumzia ipi. Kwa hiyo *hay* hukaa na *un, una*, namba, *mucho*, au nomino tupu. *Estar* hukaa na *el, la, mi, este* na majina ya watu na miji. *Hay el banco* haisemwi.

Wakati uliopita, Kiswahili kinaponyamaza

Hadi hapa Kiswahili kimekubeba. Sasa kinakushusha, kwa kuwa *ni* na *-ko* zikiingia wakati uliopita au ujao huwa neno moja: alikuwa mwalimu, alikuwa nyumbani, atakuwa mwalimu, atakuwa nyumbani. Masikio hayakuambii tena lolote. Dawa ni kuirudisha sentensi kwenye wakati uliopo kabla ya kuchagua. Alikuwa nyumbani: leo ungesema *yuko*, basi *estaba en casa*. Alikuwa mwalimu: leo *ni*, basi *era maestro*. Alikuwa amechoka: *-me-* bado imo ndani, *estaba cansado*.

Kisha kuna maumbo mawili ya uliopita. *Era, estaba, tenía, había* hueleza hali ilivyokuwa, bila mwanzo wala mwisho. *Fue, estuvo, tuvo, hubo* hufunga jambo. Mara nyingi Kiswahili kinapofunga hubadili kitenzi chenyewe: *estaba en Lima*, nilikuwa Lima, lakini *estuve dos días en Lima*, nilikaa Lima siku mbili. *Tenía un hijo*, nilikuwa na mtoto. *Tuve un hijo*, nilipata mtoto. *Había un carro*, kulikuwa na gari. *Hubo un accidente*, palitokea ajali. Kama "nilikuwa" inataka kugeuka "nilikaa", "nilipata" au "palitokea", chukua umbo la pili.

*Fue* ni "alikuwa" na pia "alikwenda", kwani *ser* na *ir* hutumia umbo moja hapo. *Fue médico*, alikuwa daktari. *Fue a Madrid*, alikwenda Madrid. Herufi *a* inayofuata ndiyo inayokuonyesha njia.

Maumbo ya kushika, na mkazo

Ser: *soy, eres, es, somos, sois, son*.
Estar: *estoy, estás, está, estamos, estáis, están*.
Tener: *tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen*.

Maumbo ya *sois, estáis, tenéis* utayahitaji hasa Hispania; Amerika ya Kilatini "ninyi" ni *ustedes* na huchukua *son, están, tienen*. Ajentina, kwa rafiki, utasikia *vos sos* na *vos tenés*; ukijibu kwa *eres* na *tienes* hakuna atakayeshangaa.

Kabla ya yote fanyia kazi mkazo wa *estar*. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi utataka kusema *Ésta*. Hiyo ni *esta*, yaani "hii" ya jinsi ya kike. Kitenzi ni *esTÁ*, nguvu zote mwishoni: *esTOY, esTÁS, esTÁ, esTÁN*. Ni *estamos* pekee inayofuata mazoea yetu, *esTAmos*. Jifunze sentensi inayozibeba zote mbili na uirudie kwa sauti: *esta sopa está fría*, supu hii imepoa.